Mama anataka kusoma mwenyewe: vitabu vya sauti vya maktaba kwa asiyeweza kusoma maandishi

SWALI: Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Ugonjwa wa macho umeharibu kitovu cha uoni wake. Pembeni anaona, lakini herufi hazisomeki hata kwa kioo cha kukuzia. Niliposikia kwamba maktaba zina vitabu vya sauti vya kupakua, nikajaribu. Kitabu cha kwanza nilikiazima kwa programu ya maktaba ya kawaida, na mama alipofika katikati kikatoweka. Cha pili nilikipata kwenye maktaba ya wasioona. Kilikuja kama faili la zipu, nikalifungua nikakuta vipande vingi, na simu ikaanza kuvicheza ovyo: sura ya kwanza ikafuatiwa na ya kumi. Mama amekata tamaa, anasema tumwache na redio yake. Je, tatizo ni simu? Ninunue kile kifaa maalumu cha kusomea? Na kijana wangu mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno, anaweza kuitumia maktaba hiyo hiyo?

JIBU: Dada, simu haina kosa, na mama hana kosa. Kitabu cha kwanza kilitoweka kwa sababu muda wa kuazima uliisha. Cha pili kilivurugika kwa sababu kilifunguliwa na programu ya muziki, na programu ya muziki haijui kusoma kitabu cha aina ile. Yote mawili yanarekebishika bila kununua chochote.

Kabla hujaishika simu tena, naomba uliweke jambo moja mbele. Mama yako alikuwa mwalimu. Mtu wa namna hiyo anaposoma hurudi kurasa tatu nyuma kuhakikisha jina, huruka utangulizi, huweka alama mahali alipopapenda, hukiacha kitabu usiku na kukishika tena asubuhi pale pale. Redio haimpi hata kimoja kati ya hivyo, na kitabu cha sauti kilichowekwa vibaya hakimpi pia. Kwa hiyo kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia maktaba hadi programu na kifaa, upime kwa swali moja: je, mama ataweza kukifungua kitabu, kukisimamisha na kutembea ndani yake kwa mikono yake mwenyewe, wewe ukiwa haupo? Nimeona familia nyingi zikichagua njia iliyo rahisi kwa mtoto anayepakua, kisha mzazi akabaki kumsubiri mtoto arudi jioni ndipo asomewe sura inayofuata. Naelewa kwa nini mtu katika hali hiyo husema bora redio.

Tuanze na zipu yako, maana humo ndimo kuna utajiri ambao hukuuona. Ifungue tena ile folda. Pamoja na vipande vya MP3 utaona faili liitwalo ncc.html na mengine ambayo majina yake yanaishia na smil. Kama kitabu ni cha toleo la baadaye, badala ya ncc utakuta faili zinazoishia na ncx na opf. Hivyo si takataka, usivifute. Lile la kwanza ni yaliyomo ya kitabu: sehemu, sura, vichwa vidogo, hata namba za kurasa za kitabu kilichochapwa. Faili za smil zinaeleza ni sekunde gani ya kipande gani cha sauti inayolingana na kichwa au aya gani. Mfumo huu unaitwa DAISY, na muungano wa maktaba za wasioona unaouendeleza ulizaliwa mwaka 1996, kwa sababu kaseti zilikuwa zimewachosha wasomaji. Kwenye kaseti, kuitafuta sura ya saba ni kurudisha utepe mbele na nyuma na kubahatisha. Kwenye DAISY ni kubonyeza mara moja.

Programu ya muziki haivioni vitu hivyo. Yenyewe inaona nyimbo. Huzipanga kwa herufi za majina ya faili, ndiyo maana baada ya 1 inakuja 10, kisha 11, na 2 inasubiri huko nyuma. Nyingine huwa na uchezaji wa kuchanganya ambao uliwashwa zamani na mtu akasahau. Basi usihangaike kubadilisha majina ya faili moja moja. Weka programu inayoielewa DAISY. EasyReader ya kampuni ya Dolphin ni ya bure, ipo kwa simu za Android na iPhone, na inaweza kuungana na maktaba kadhaa moja kwa moja, ikiwemo Bookshare, maktaba ya mtandaoni ya wasioweza kusoma maandishi yaliyochapwa: unaingia kwa jina na nywila ya mwanachama, unatafuta kitabu, unapakua, na zipu yenyewe huioni kabisa. Kwenye kompyuta ipo Thorium Reader, nayo ya bure. Baadhi ya maktaba za wasioona zina programu zao, na faili zao zimefungwa kwa ufunguo ambao programu nyingine hazina. Vitabu vya BARD, huduma ya kupakua ya maktaba ya taifa ya wasioona ya Marekani, viko hivyo. Kwa hiyo swali la kwanza kuiuliza maktaba yako ni: vitabu vyenu vinafunguka kwa programu zipi? Watakujibu kwa sentensi moja, na utaokoa jioni nzima.

Sasa kile kilichotoweka. Kuna maktaba za aina mbili hapa, na watu huzichanganya. Maktaba ya umma ya kawaida hukodi haki ya kitabu cha sauti kutoka kwa mchapishaji. Nakala moja ya haki hiyo kwa kawaida huenda kwa msomaji mmoja kwa wakati mmoja, hata kama faili haliishi wala halichakai. Ndiyo maana kwenye programu kama Libby unakuta foleni, na mkopo ukifika siku ya mwisho kitabu hujirudisha chenyewe. Hakuna aliyemnyang'anya mama. Ukikiazima tena, programu hukupeleka pale alipoishia. Unaweza pia kuomba kuongezewa muda siku chache kabla ya mwisho, mradi hakuna anayekisubiri. Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji uthibitisho wa ulemavu, ni kadi ya maktaba tu, na vitabu husomwa na wasimulizi wa kulipwa ambao wengi ni waigizaji hodari. Ubaya ni huo muda, na kwamba kutembea ndani ya kitabu huishia kwenye sura. Namba za ukurasa hazipo.

Maktaba ya pili ni ile ya watu wasioweza kusoma maandishi yaliyochapwa. Hii haitegemei mkataba wa kibiashara kwa kila kitabu. Inategemea sheria ya hakimiliki kuruhusu nakala ya aina maalumu itengenezwe kwa ajili ya watu fulani tu. Kimataifa ruhusa hiyo imesimama juu ya Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Nchi zilizojiunga nao zinaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala hizo na, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa gumu mno, kuzipeleka kwa wanaostahili katika nchi nyingine iliyojiunga. Zamani kitabu kimoja kiliweza kusomwa na kurekodiwa upya katika nchi tatu zenye lugha moja kwa sababu tu faili halikuruhusiwa kuvuka mpaka. Shirika la Miliki Bunifu Duniani lina huduma ya katalogi ya pamoja ambamo maktaba shiriki hutafuta na kubadilishana vitabu hivyo. Mama akitaka kitabu ambacho maktaba yenu haina, mwombe mkutubi aangalie huko. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui kwamba kinaombeka.

Mpaka hapa umeona kwa nini maktaba ya aina hii inataka ujaze fomu ya kuthibitisha kwamba mama hawezi kusoma maandishi. Usiichukulie kama dharau. Ruhusa ile ya kisheria ni ya watu wanaostahili tu, na maktaba isipothibitisha inaweza kuipoteza. Fomu yenyewe mara nyingi ni ya ukurasa mmoja. Husainiwa na daktari wa macho, muuguzi, mtaalamu wa tiba, afisa wa ustawi wa jamii au mwalimu wa elimu maalumu, kutegemea kanuni za maktaba. Kwa mama, ripoti ya kliniki ya macho inatosha karibu kila mahali. Hakuna haja awe haoni kabisa. Mkataba unawataja asiyeona, mwenye uoni hafifu au tatizo la kusoma lisiloweza kurekebishwa kufikia kiwango cha mtu asiye nalo, na yule ambaye mwili wake haumruhusu kushika kitabu, kukifunua, au kutuliza macho juu ya mstari. Mtu aliyepooza mikono yumo. Mwenye mitetemo mikali ya Parkinson yumo. Hawa wa kundi la tatu ndio wanaosahaulika zaidi, na huwa wanashangaa wakiambiwa kwamba maktaba hiyo ni yao pia.

Nakala hizo hazisambazwi. Ukimtumia jirani anayeona vizuri faili la mama, umevunja masharti ya uanachama wake, na maktaba nyingi huweka alama ndani ya faili inayoonyesha lilipakuliwa na nani. Mtu yeyote anayetaka vitabu vya sauti vya bure bila fomu ana LibriVox, ambako tangu mwaka 2005 watu wa kujitolea wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Ubora wa usomaji unatofautiana sana humo. Sikiliza dakika mbili za mwanzo kabla ya kupakua kitabu kizima.

Turudi kwa mama na simu yake, maana hapa ndipo mambo hufa. Umesema anaona pembeni. Basi hana sababu ya kuacha macho yake kabisa. Washa maandishi makubwa zaidi, mandhari nyeusi yenye herufi nyeupe, na uweke alama ya programu ya kusomea peke yake kwenye skrini ya kwanza, kwenye kona ambayo yeye mwenyewe atakuambia anaiona vizuri. Muulize, usimkisie. Kisha washa kisomaji skrini: TalkBack kwenye Android kwa kubonyeza vitufe vyote viwili vya sauti pamoja kwa sekunde kama tatu, VoiceOver kwenye iPhone kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu haraka, baada ya kuviruhusu kwenye mipangilio. Tangu hapo kila anachokigusa kitatajwa, na kukifungua anagonga mara mbili popote kwenye skrini.

Usimfundishe yote siku moja. Ishara moja tu ndiyo ya kuanza nayo: vidole viwili, gonga mara mbili. Kwenye VoiceOver, na kwenye TalkBack za miaka ya karibuni, ishara hiyo husimamisha sauti na kuiendeleza, bila kutafuta kitufe chochote. Mkabidhi simu kitabu kikiwa kinaendelea na umwambie asimamishe. Halafu aendeleze. Halafu tena. Mikono ya wazee hugonga taratibu mno mwanzoni na simu huona miguso miwili tofauti. Mwambie agonge kana kwamba anabisha mlango haraka, na kama bado inamsumbua, tafuta kwenye mipangilio ya ufikivu mahali pa kurefusha muda wa kugonga. Akishamudu hilo ndipo umfundishe kurudi nyuma sekunde thelathini, kisha kuhama sura. Alamisho zije mwisho. Na wakati wa kumfundisha, mikono yako iwe mapajani. Ukimshikia simu kila akikwama, atajifunza kukwama.

Kuna mambo mawili ya kiufundi ambayo yakiachwa yatamvunja moyo tena. Kwanza, simu nyingi za Android huziua programu zinazocheza kwa muda mrefu skrini ikiwa imezimwa, ili kuokoa betri. Kitabu kinakatika na wakati mwingine mahali alipofika panapotea. Ingia kwenye mipangilio ya betri na uitoe programu ya kusomea kwenye udhibiti huo. Pili, nafasi. Sauti ya usomaji iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inachukua megabaiti 28.8 kwa saa, hivyo kitabu cha saa kumi ni karibu megabaiti 290. Ukipakua zipu na kuifungua mwenyewe, unahitaji karibu maradufu ya hiyo mpaka uifute zipu. Pakua kwenye Wi-Fi, vitabu viwili au vitatu kwa mara moja. Baada ya hapo anasoma bila mtandao kabisa, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye akiona ujumbe wa hitilafu hawezi kuusoma.

Juu ya sauti, usishangae kama baadhi ya vitabu vya maktaba ya wasioona vinasomwa na kompyuta. Bookshare, kwa mfano, ina zaidi ya vitabu milioni moja, na sehemu kubwa ni maandishi ambayo sauti ya kompyuta huyasoma. Wasioona wenye uzoefu wengi huipendelea, huipandisha kasi mara mbili au tatu ya usemi wa kawaida na kumaliza ripoti nzima kabla ya chakula. Pia ina faida ambayo sauti ya binadamu haina: msomaji anaweza kulisimamisha neno na kulisikia herufi kwa herufi. Kwa mtu aliyepoteza uoni ukubwani, hata hivyo, ningeanza na binadamu. Riwaya au wasifu wa mtu, usomaji mzuri, kasi ya kawaida. Kasi aibadilishe mwenyewe baadaye, kidogo kidogo. Na kitabu cha kwanza kiwe kile anachokitamani yeye, hata kama unadhani kipo kingine cha manufaa zaidi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watoto wa walimu hupenda kuwachagulia wazazi wao vitabu vya afya.

Najua pia kuna sauti ndani ya mama inayosema kusikiliza si kusoma. Walimu huwa nayo. Mwambie kwamba vitabu vya kusikiliza vilibuniwa kwa ajili ya watu kama yeye kabla havijawa biashara ya mtu yeyote. Maktaba ya wasioona ya Marekani ilianza kutoa vitabu kwenye santuri mwaka 1934, na Uingereza ikafuata mwaka 1935. Santuri hizo za Marekani zilizunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, ili usomaji mrefu utoshe, miaka mingi kabla ya maduka ya muziki kuuza santuri ndefu za kasi hiyo mwaka 1948. Wasomaji wasioona walitangulia, na wengine wakawafuata.

Kifaa maalumu? Kwa sasa hapana. Mpe simu nafasi ya haki kwanza, ikiwa imewekwa kama nilivyoeleza. Vifaa kama Victor Reader Stream ni vizuri kweli kweli: vina vitufe vya kugusika, kila kitufe hujitaja, na kitabu cha DAISY hucheza bila kujua neno programu. Nitakushauri ukinunue ikiwa vidole vyake vina ganzi au vinatetemeka kiasi kwamba skrini ya kioo inamkatalia, au ikiwa baada ya kujaribu kwa utulivu bado anaogopa simu kwa sababu kila mguso wa bahati mbaya unampigia mtu. Ukifika huko, uliza maktaba kwanza, kwa kuwa baadhi huazimisha vifaa pamoja na vitabu. Na kama utaingiza vitabu kwa kadi ya kumbukumbu, soma mwongozo kuhusu folda. Katika matoleo mengi ya kifaa hicho, vitabu vya DAISY hukaa kwenye folda iitwayo $VRDTB, kila kitabu ndani ya folda yake. Ukivimwaga kwingine, utarudi kwenye vurugu ile ile ya sura ya kwanza na ya kumi.

Kijana wako anastahili, lakini kwa jina lake na fomu yake, si kwa akaunti ya bibi yake. Disleksia imo ndani ya maelezo ya tatizo la kusoma. Ugumu ni saini. Maktaba nyingine zinataka mwanasaikolojia wa shule au mtaalamu wa elimu maalumu, nyingine zimelegeza. Marekani, kwa mfano, ilikuwa ikidai daktari wa tiba kwa wenye tatizo la kusoma, na tangu mwaka 2021 walimu, wanasaikolojia wa shule na wakutubi nao wanaruhusiwa kuthibitisha. Kama ana tathmini ya shule, iambatishe.

Mahitaji yake ni tofauti na ya bibi. Yeye anaona. Kinachomfaa ni kitabu chenye maandishi na sauti pamoja, ambapo maneno yanang'aa kwenye skrini kadiri yanavyosomwa, ili jicho na sikio vifuatane. Mtafutie DAISY au EPUB (aina ya faili la kitabu cha kielektroniki) yenye maandishi, si MP3 tupu. Kwa vitabu vya shule hakikisha vina namba za kurasa za toleo linalotumika darasani. Mwalimu akisema fungueni ukurasa wa 47, naye aandike 47 kwenye programu na kufika pamoja na wenzake. Hesabu na majedwali bado ni tatizo: jedwali likisomwa kwa sauti mstari kwa mstari humchanganya hata asiye na disleksia. Huko aendelee na kitabu cha karatasi, na sauti aitumie kwa maelezo yanayozunguka jedwali. Mwombe mwalimu amruhusu visikizi darasani kabla muhula haujaanza, kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya uanachama wake wa maktaba.